Mteja Wako Akioa kwa Wafugaji

Wiki jana niliwauliza swali: nchi mpya ikiingia kwenye umoja wa forodha, nani anaumia? Wengi mlisema ni yule anayeingia, kwa sababu viwanda vyake vichanga vitamezwa. Wengine mkasema ni waliokuwa ndani kitambo, maanake wataletewa bidhaa za bei ya chini. Msee mmoja akasema hakuna anayeumia, biashara ni biashara. Sawa. Lakini hakuna hata mmoja aliyemtaja mtu wa nje: yule ambaye hakualikwa, hakuulizwa, na siku ya sherehe yuko kwake mbali anakamua ng'ombe.

Leo tumwongelee huyo. Na ng'ombe nimewataja makusudi.

Chukua jamaa mwenye kibanda cha chai pale steji. Miaka kumi amekuwa akinunua maziwa kwa Baba Njeri. Wanaaminiana, hata kukopana wanakopana. Halafu jamaa anaoa kwenye ukoo wa wafugaji, na wakwe wana sharti: maziwa utanunua kwetu, na ukinunua kwa mtu mwingine, kila lita utaiongezea shilingi ishirini ziingie kwenye mfuko wa ukoo. Baba Njeri hajaharibu chochote. Maziwa yake ni yale yale, pengine hata ni ya bei nafuu kuliko ya wakwe. Lakini Jumatatu asubuhi anafika na mtungi wake, na jamaa anaanza kuangalia chini.

Umoja wa forodha ndio huo. Nchi zinaondoleana ushuru zenyewe kwa zenyewe, kisha zinajenga ukuta mmoja wa ushuru dhidi ya kila mtu aliye nje. Mwaka 1950 mwanauchumi Jacob Viner alionyesha kitu ambacho kabla yake watu walikuwa wanakipita tu: umoja kama huu unaweza kuzaa biashara mpya, ndiyo, lakini pia unaweza kuhamisha tu biashara iliyokuwepo, kutoka kwa mzalishaji wa bei nafuu aliye nje kwenda kwa wa bei ghali aliye ndani. Mtu wa nje anapoteza soko, na mnunuzi analipa zaidi. Na klabu ikizidi kukua, watu wa kuhamishwa wanazidi.

Sasa tumpate Baba Njeri wa historia. Anaitwa New Zealand.

Tarehe 15 Februari 1882 meli iliyoitwa Dunedin iliondoka Port Chalmers, kusini kabisa mwa New Zealand, ikiwa na mashine ya kugandisha na karibu mizoga 5,000, mingi ya kondoo. Ilifika London mwezi wa tano, baada ya siku zaidi ya tisini baharini, na nyama ilikuwa bado safi. Hiyo safari moja iliamua maisha ya nchi nzima kwa miaka karibu tisini iliyofuata. Kabla ya hapo mfugaji aliuza nje hasa sufu. Baada ya hapo, nyama, siagi na jibini vilipata barabara ya kwenda hadi meza ya Mwingereza aliye upande wa pili wa dunia. Misitu ikafyekwa, nyasi zikapandwa, vijiji vikajengwa kuzunguka viwanda vidogo vya maziwa.

Mwaka 1932, kule Ottawa, Uingereza na nchi zilizokuwa chini ya himaya yake zilikubaliana kupendeleana kwenye ushuru. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Uingereza ilikuwa inanunua karibu kila kitu New Zealand ilichoweza kupakia, na utaratibu huo wa kununua kwa jumla uliendelea hadi 1954. Kufikia 1950, karibu theluthi mbili ya mauzo yote ya nje ya New Zealand yalikuwa yanaenda kwa mteja mmoja. Mmoja! Kulikuwa na watu waliozaliwa Auckland, hawajawahi kupanda meli, lakini wakisema "nyumbani" walimaanisha Uingereza.

Mnaona mtego ulipo? Haukuwa ujinga. Mteja alikuwa tajiri, mwaminifu, na mlikuwa mmepigana vita upande mmoja. Ni nani angeamka akatafute wateja wapya Tokyo?

Halafu Julai 1961 serikali ya Harold Macmillan ikatangaza kwamba Uingereza itaomba kuingia Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya. Ilikuwa na wanachama sita tu wakati huo: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Waziri Duncan Sandys alikuwa ametumwa Wellington kutuliza watu. Shida ni kwamba hii klabu haikuwa ya viwanda pekee. Moyo wake ulikuwa kilimo. Sera yake ya pamoja ya kilimo ilimhakikishia mkulima wa ndani bei ya juu, na mzigo wowote kutoka nje ulitozwa ushuru wa kupanda na kushuka, uliopimwa makusudi ili siagi ya mgeni isiwahi kuwa rahisi kuliko ya mwenyeji. Yaani hata ukijitahidi vipi kushusha gharama, ukuta unapanda na wewe.

Aliyeiokoa New Zealand, kwa muda, ni mtu ambaye hakuwa anaifikiria hata kidogo. Januari 1963 Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa aliikatalia Uingereza mlango. Ikaomba tena 1967, akakataa tena. Alikuwa na sababu zake, hasa kwamba aliwaona Waingereza kama mlango wa nyuma wa Marekani. Mkulima wa Waikato akapata karibu miaka kumi ya bure.

Wakaitumia? Kiasi. Waliingia mkataba wa biashara na Australia mwaka 1965, wakaanza kuuza zaidi Japani na Marekani, na fungu la mauzo yao lililokwenda Uingereza likashuka kutoka zaidi kidogo ya nusu mwaka 1960 hadi karibu theluthi moja kufikia 1970. Lakini siagi na jibini bado zilikuwa zimefungwa kwa mteja yule yule, kwa sababu ukweli ni kwamba hakukuwa na nchi nyingine tajiri iliyoacha siagi ya watu iingie kwa wingi. Kila tajiri alikuwa na wakulima wake wa kulinda.

De Gaulle akaondoka madarakani 1969. Mwaka uliofuata mazungumzo yakaanza kwa ukweli, na New Zealand haikuwa na kiti mezani. Hapa nataka mtulie kidogo. Masharti ya kuishi kwao yalikuwa yanajadiliwa kati ya Uingereza na zile nchi sita, na wao walikuwa kwenye korido. Naibu Waziri Mkuu wao, John Marshall, alisafiri huku na huku miaka kadhaa, mji mkuu mmoja hadi mwingine, akibisha hodi na kuwakumbusha watu kaburi za askari wa New Zealand zilizoko Ulaya. Hakuwa na kitu kingine cha kubeba. Nchi ya watu kama milioni tatu haiwezi kumtisha mtu kwa ushuru.

Juni 1971, kule Luxembourg, Geoffrey Rippon aliyeongoza upande wa Uingereza alitoka na makubaliano. Yaliitwa Itifaki ya 18. New Zealand ingeruhusiwa kuendelea kuuza siagi Uingereza kwa miaka mitano, mgao ukipungua kila mwaka: kutoka karibu tani 165,000 mwaka 1973 hadi kama 138,000 mwaka 1977. Jibini ilichinjwa kabisa, kutoka zaidi ya tani 68,000 hadi kama 15,000 katika miaka hiyo hiyo. Kwao nyumbani huu ulihesabiwa ushindi, na Marshall akawa Waziri Mkuu Februari 1972. Novemba akapoteza uchaguzi. Siasa, bana.

Na kwa kweli ulikuwa ushindi ukilinganisha na jirani. Australia haikupata itifaki yoyote ya namna hiyo. Ilikuwa na uhakika wa kuuza Uingereza zaidi ya tani 300,000 za sukari kila mwaka chini ya mkataba wa Jumuiya ya Madola. Mkataba ulipokwisha 1974, hiyo sehemu yao ikapotea. Kule Tasmania, wakulima waliokuwa wamepanda matofaa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya soko la Uingereza walilipwa pesa na serikali wang'oe miti. Mti wa tofaa, si mahindi ya msimu. Babu yako aliupanda, wewe unalipwa kuuchoma.

Mbona mmoja apewe mwingine anyimwe? Jibu nililolisoma mara nyingi ni kwamba Australia ilikuwa na madini na Japani ilikuwa inayanunua, kwa hiyo ingepona. New Zealand isingepona haraka, na serikali ya London haikutaka kuonekana imemsaliti ndugu mdogo mbele ya wapiga kura wake. Kwa maoni yangu hili la pili ndilo lililokuwa na uzito. Mtu wa nje alipata alichopata kwa sababu kuna mtu wa ndani aliyeogopa aibu. Aibu ni dhamana dhaifu, inakwisha muda wake.

Tarehe 1 Januari 1973 Uingereza ikaingia. Na haikuingia peke yake: iliingia na Denmark na Ireland. Sasa fikirieni Denmark na Ireland zinauza nini. Siagi! Hao ndio waliokuwa wapinzani wa New Zealand kwenye rafu zile zile za London. Usiku mmoja wapinzani wako wanavuka ukuta, wewe unabaki nje na mgao wako unaoyeyuka.

Pigo la pili watu huwa wanalisahau, nami nadhani ndilo baya zaidi. Bei ya juu iliyohakikishwa iliwafanya wakulima wa Ulaya wazalishe siagi kupita wanachoweza kula. Ikajaa maghala. Magazeti yao yakauita mlima wa siagi. Ufanye nini na mlima? Unaulipia ruzuku, unautupa kwa bei ya hasara kwa yeyote nje ya klabu. Mwaka huo huo wa 1973 Jumuiya iliuzia Muungano wa Sovieti kama tani 200,000 za siagi kwa bei ya kutupa, huku mama wa kawaida wa Paris akilipa bei kamili. Kwa hiyo New Zealand ilipoambiwa "katafute masoko mengine," ilienda huko ikakuta siagi ya Ulaya imeshatangulia, tena kwa bei ambayo hakuna mkulima asiye na ruzuku angeiweza. Unafukuzwa sebuleni, kisha unamkuta mwenye nyumba amekutangulia hadi sokoni.

Walihangaika. Iran ikawa mnunuzi mkubwa wa kondoo wao miaka ya themanini. Wasovieti wakawa wateja pia, na kwa kuwa hawakuwa na dola za kutosha, bodi ya maziwa ya New Zealand ilikubali kulipwa kwa magari ya Lada. Siagi kwa Lada! Nimecheka, halafu nikawaza mkulima anayelipwa namna hiyo.

Wakati huo mgao wa Uingereza uliendelea kujadiliwa upya kila baada ya miaka michache. Mwaka 1975 Harold Wilson alibeba suala la siagi hadi mkutano wa wakuu Dublin, kabla ya kura yake ya maoni. Kila mara mgao ulipona, kila mara ulirudi ukiwa mdogo. Na kila mara ulihitaji kukubalika na wanachama wote, sio Uingereza pekee. Hilo ndilo lililoleta kisa ambacho bado kinanikera.

Tarehe 10 Julai 1985, katika bandari ya Auckland, majasusi wa Ufaransa walilipua meli ya Rainbow Warrior ya shirika la Greenpeace, iliyokuwa ikijiandaa kwenda kupinga majaribio ya mabomu ya nyuklia Pasifiki. Mpiga picha Fernando Pereira alikufa. Polisi wa New Zealand wakawakamata majasusi wawili, Alain Mafart na Dominique Prieur. Wakakiri kuua bila kukusudia, wakahukumiwa miaka kumi. Kesi imekwisha, si ndiyo?

Ufaransa ilianza kuzuia bidhaa za New Zealand, na ikawa wazi kwamba mgao wa siagi Ulaya uko hatarini. Nchi iliyotendewa uhalifu ndani ya bandari yake sasa ndiyo inayobembeleza. Wakapeleka suala kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Javier Pérez de Cuéllar. Uamuzi wake wa Julai 1986 ulisema Ufaransa iombe radhi na ilipe dola milioni 7, na majasusi wakabidhiwe kwa Ufaransa wakae miaka mitatu kwenye kisiwa cha Hao. Kisha, katika uamuzi huo huo unaohusu mtu aliyeuawa, imeandikwa kwamba Ufaransa isipinge siagi ya New Zealand kuingia Uingereza, hadi tani 77,000 mwaka 1987 na tani 75,000 mwaka 1988. Na hao majasusi? Kufikia katikati ya 1988 wote wawili walikuwa wamerudishwa Ufaransa, miaka mitatu haijaisha.

Sasa linganisha na kitu kilichotokea miezi ile ile. Januari 1986 Uhispania na Ureno ziliingia klabu, na Marekani ikaona mahindi na mtama wake vimegonga ukuta kule Uhispania. Kuna sheria kwa hali hii. Mkataba wa GATT, kifungu cha 24, unasema umoja wa forodha usiwe mzigo mkubwa kwa watu wa nje kuliko ilivyokuwa kabla, na ushuru ulioahidi kutoupandisha ukipanda, aliyeumia afidiwe. Marekani haikwenda kubisha hodi ikizungumzia makaburi. Ilitangaza ushuru wa asilimia 200 kwa jini, brandi, divai nyeupe na jibini za Ulaya. Mwisho wa Januari 1987 makubaliano yakawa tayari: Uhispania itanunua kutoka nje ya klabu tani milioni 2 za mahindi na tani 300,000 za mtama kila mwaka, kwa miaka minne. Sheria ni moja kwa wote. Tofauti ni kwamba huyu alikuwa na kitu cha kufunga.

Na sisi je? Tulikuwa kwenye hadithi hii tangu mwanzo. Kenya, Uganda na Tanzania hazikungoja Uingereza iingie ndipo zipige kelele; zilitia saini Mkataba wa Arusha na zile nchi sita Septemba 1969, nao ukaanza kufanya kazi 1971. Uingereza ilipoingia, nchi za Madola za Afrika, Karibiani na Pasifiki zilipewa nafasi ya kujadiliana, na Februari 1975 ukazaliwa Mkataba wa Lomé. India, Pakistan na Sri Lanka hazikualikwa kwenye meza hiyo. Usifikiri tulipendwa zaidi. Tulikuwa tunauza kahawa na chai, na hakuna mkulima wa Ufaransa anayelima kahawa. Hatukumtisha mtu. Tungekuwa tunauza siagi, tungeijua korido ile ya Marshall vizuri sana.

Lakini siku hizi sisi ndio klabu. Umoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza 2005. Rwanda na Burundi zikaingia kwenye ushuru wa pamoja Julai 2009. Baadaye Sudan Kusini, Congo, Somalia. Na sisi pia tuna ukuta, wenye mlango wa pembeni kwa tunayemhitaji. Ushuru wa pamoja wa mchele ni asilimia 75, lakini Kenya iliomba ibaki kwenye 35. Pakistan inatuuzia mchele, na Pakistan ndiyo inayonunua chai yetu kuliko karibu nchi yoyote. Huwezi kumfungia mtu kama huyo. Pilau yako ya Jumapili iko hapo katikati.

Congo ilipokubaliwa 2022 tulisherehekea soko la karibu watu milioni 100. Nilisherehekea pia, niliandika hapa. Sikuwaza hata mara moja kuhusu Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Congo, ambako malori ya Zambia husimama kwenye foleni ndefu yakipeleka chakula na bidhaa Lubumbashi. Zambia haiko kwenye Jumuiya yetu. Ina uhusiano wake na Congo kupitia SADC na COMESA, kwa hiyo kamba zimepindana kuliko zile za 1973. Lakini ushuru wetu wa pamoja, kwa maandishi, unaishia mpakani na Zambia, na Congo ikiutumia kikamilifu kuna mtu pale ambaye atafika na mzigo ule ule, kwa mteja yule yule, akute bei imebadilishwa na kikao kilichofanyika Arusha.

Wale mnaosoma kutoka Lubumbashi au Ndola, nawajua mpo. Niambieni unga umefika bei gani.